Bi Matone, Aliyeifundisha Kompyuta Kutazama Mikono

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, mkuu wa kitengo chetu cha mitihani ya sayansi kwa vitendo atafunga mlango wa ofisi yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi. Jina lake kamili liko kwenye kadi ya mwaliko. Humu ndani tutamwita kama anavyoitwa koridoni: Bi Matone.

Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi na yeye tuliripoti kazini asubuhi ileile, tukajaza fomu kwa kalamu moja, yake, maana yangu iligoma kuandika.

"Wewe ndiye unayemjua kuliko sisi sote," mwenyekiti wa kamati aliniambia.

Hakukosea. Ila hakuuliza namjua kwa jicho gani. Basi niseme mapema ili msomaji asije akadhani ameokota barua ya mtu mwingine: kwa zaidi ya miaka ishirini nimemwonea wivu mwanamke huyu. Shemeji, mumewe, ambaye najua atakuwa kiti cha mbele na suti aliyojishonea mwenyewe, asishtuke. Ni wivu wa kazini, ule wa kuhesabu nani katajwa mara ngapi kwenye kikao.

Bi Matone alitujia akitokea shule ya sekondari, alikokuwa msaidizi wa maabara. Hakuwa na shahada. Mimi nilikuwa nayo, tena niliitia kwenye fremu na kuitundika juu ya meza yangu karibu na dirisha, nilikopangiwa kutunga maswali. Yeye alipangiwa chumba cha vifaa, mwisho wa koridoni, kupima kemikali na kuzifungasha kwa ajili ya shule. Haikupita miezi miwili walimu wakawa wanapiga simu idarani na kumtaka "yule dada wa chumba cha mwisho." Simu zenyewe zilikuwa zinalia mezani kwangu. Nilikuwa naamka, natembea koridoni, namwita, narudi. Hebu fikiria.

Jina la Matone alilipata kwenye bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye koki chini, ambao mwanafunzi hudondoshea asidi kwenye chupa mpaka rangi ibadilike. Siku moja wageni walikuja kukagua, akaombwa kuonyesha. Mmoja akamuuliza imebaki kiasi gani rangi igeuke.

"Matone mawili na nusu," akajibu.

"Nusu tone?" Nilicheka kwa sauti, nikatazama huku na huku nione nani ananiunga mkono.

Akadondosha la kwanza. Akadondosha la pili. La tatu akaliacha lining'inie likiwa halijashiba, akaligusisha kwenye ukuta wa chupa, akalisukuma chini kwa maji kidogo. Rangi ikageuka. Wageni walipiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa vidole viwili.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa ile karatasi iliyoitwa mtihani mbadala wa vitendo. Shule nyingi hazikuwa na maabara, kwa hiyo mtahiniwa hakugusa kitu; alichorewa kipimajoto, akaulizwa kinasoma ngapi, kisha akatakiwa kutaja tahadhari tatu. Nilikuwa naipenda karatasi ile kama mtoto wangu wa kwanza. Niliitunga miaka kumi na minane.

Ndipo Bi Matone akatumwa kukagua shule moja ambayo wanafunzi wake walikuwa wameniandikia majibu safi, karibu darasa zima. Wote walikuwa wameandika, neno kwa neno, kwamba husoma bureti jicho likiwa sawa na usawa wa kimiminika. Alikuwa amebeba bureti kwenye begi. Akampa aliyeongoza darasa. Msichana wa watu aliipokea, akaigeuza juu chini, akaiweka mdomoni na kuipuliza kama filimbi. Hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

Aliporudi alivuta kiti mbele ya meza yangu.

"Kaka, usinielewe vibaya. Karatasi yako inapima kumbukumbu."

"Inapima sayansi," nikamjibu.

"Inapima kama mwalimu wao ana sauti ya kutosha kukaririsha."

Nilimwelewa vibaya, kama alivyoniomba nisifanye. Nilinuna wiki nzima. Na kilichoniuma si kwamba alikosea. Iliniuma kwa sababu wazo lile lilikuwa limenijia mimi zamani, nikaliacha lipite.

Miaka minane iliyopita shule nyingi zilianza kupata vyumba vya kompyuta hata kabla ya kupata maabara. Bi Matone akapeleka kwa mkurugenzi pendekezo la kurasa tatu. Tumpe mwanafunzi kazi, aliandika, si swali. Tuweke vyombo kwenye skrini, yeye achague, amimine, apime, akosee, arudie. Kompyuta iandike kila alichogusa, kwa mpangilio wake na kwa dakika zake, nasi tusahihishe namna alivyofanya kazi, si jibu la mwisho peke yake.

Mkurugenzi aliniomba maoni. Nilimwandikia kurasa kumi na mbili za kupinga. Nilisema umeme utakatika, nilisema watoto watacheza, nilisema mengi, mengine hata sikuyaamini. Pendekezo likapita. Wiki iliyofuata nikaitwa kuambiwa kuwa Bi Matone amenitaka kwenye timu, niandike mwongozo wa kusahihisha.

"Kwa nini mimi?" nilimuuliza.

"Umepinga kwa kurasa kumi na mbili. Nani mwingine ameisoma kazi yangu hivyo?"

Nikaona ananidhihaki. Leo najua alikuwa anasema kweli.

Timu ilikuwa ndogo: yeye, mimi, na fundi wa programu, binti mmoja mpole aliyevaa vipokea sauti hata akiwa hasikilizi kitu. Kazi ya kwanza tuliyotunga ilikuwa na vikombe vitatu vya maji moto, kimoja kimefungwa kitambaa, kimoja gazeti, kimoja karatasi ya bati. Mwanafunzi agundue kipi kinatunza joto zaidi. Kuna saa, kuna kipimajoto, kuna birika. Hakuna anayemwambia aanze wapi.

Fundi aliileta kwenye skrini kwa siku nne, ikapendeza. Bi Matone akaitazama, akabonyeza kipimajoto kwenye maji, na namba ikaruka papo hapo hadi themanini.

"Mwanangu, umewahi kuingiza kipimajoto kwenye maji moto?"

Fundi akavua vipokea sauti. Hakuwahi.

Basi kwa siku mbili binti yule hakugusa kompyuta. Alichemsha maji, akamimina, akapima, akaungua kidole, akapima tena. Siku ya tatu kipimajoto cha skrini kilikuwa kinapanda polepole kama cha kweli, na mwanafunzi mwenye haraka alisoma namba ya uongo. Birika likawa linamwagika ukiliinamisha kwa pupa. Mimi nilikuwa nimekaa kando na mwongozo wangu, nikijisemea kwamba wanapoteza muda, na moyoni nikitamani lile wazo la kipimajoto kivivu lingekuwa langu.

Sasa nifike nisipopenda kufika.

Kabla ya bodi kukubali mtihani, tulitakiwa kuthibitisha kwamba kompyuta inapima kitu kilekile ambacho macho ya mtu yangekipima. Tulichukua wanafunzi mia mbili na arobaini kutoka shule nane. Kila mmoja alifanya kazi mara mbili, kwa vikombe vya kweli mbele ya wasahihishaji wawili, na kwenye skrini. Nusu walianza na vikombe, nusu na skrini, ili asiwepo wa kusingizia kwamba alishaizoea.

Matokeo ya kompyuta yalipitia kwangu kwanza. Jumanne moja, mchana, nikakutana na mtahiniwa namba mia moja na saba. Kwenye vikombe, wasahihishaji walimpa kumi na tisa kati ya ishirini. Kwenye kompyuta alikuwa na saba. Nikafungua kumbukumbu ya hatua zake. Msichana yule alikuwa amepima kila kikombe mara tatu mwanzoni na mara tatu mwishoni, kwa utulivu wa mtu anayejua anachofanya. Na kwenye mwongozo uliofuatwa na kompyuta, kwa maneno yangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika: kila hatua iliyorudiwa bila kubadilisha chombo ikatwe alama moja. Mashine ilikuwa inawakata walio makini na kuwapitisha walioparamia. Nikaangalia wengine. Walikuwa wengi.

Kikao cha bodi kilikuwa Ijumaa. Ilinitosha kutembea hatua ishirini koridoni na kusema, "Dada, nimeharibu." Sikwenda. Nilifunga faili, nikajitia hamnazo. Nikajiambia kwamba mradi ni wake, sahihi ni yake, na sikuomba kuwekwa humo. Nilitaka kumwona akikwama, mara moja tu, mbele ya watu walewale wanaomsifu.

Nyumbani mke wangu alinitazama nikichezea chakula.

"Leo hujamtaja Matone," akasema. "Anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi kuna kitu umemfanyia."

Mke wangu hajawahi kufanya kazi idarani, lakini ripoti zangu zote za siri anazisoma usoni. Jumatano alirudia kuniuliza. Alhamisi akasema, "Mume wangu, hiyo si kazi tena, huo ni wivu. Kamwambie." Nikamwambia asiingilie mambo ya ofisi.

Ijumaa tukaketi kwenye meza ndefu ya ukumbi wa mikutano. Mwenyekiti wa bodi ni mtu wa hesabu, na hesabu hazikumpendeza. Alizungusha kidole kwenye karatasi.

"Mama, waliopata alama za juu kwenye vikombe ndio wameanguka kwenye mashine yako. Inawaadhibu wanaojua?"

Bi Matone alivaa miwani, akavuta karatasi, akaanza kuisoma pale pale, mstari kwa mstari, bila kumwomba mtu radhi kwa kuchelewa kujibu. Dakika mbili ni nyingi sana kwenye kikao. Nikaona kidole chake kikishuka kwenye safu ya marudio, kikasimama. Akafungua mwongozo, ukurasa wa saba. Wangu. Aliujua mwandiko wa mawazo yangu hata ukiwa umechapwa.

Nilisubiri ageuze shingo. Hakugeuza.

"Kosa liko kwenye mwongozo," alisema. "Unakata alama pale unapotakiwa kutoa. Mwongozo niliupitisha mimi kwa sahihi yangu. Nipeni wiki tatu."

"Wiki tatu tu?"

"Wiki tatu. Nikishindwa, turudi kwenye karatasi ya zamani."

Karatasi ya zamani ilikuwa yangu. Alikuwa ameweka mradi wake wote mezani, na mshindi angekuwa mimi. Na hapo, ndugu zangu, badala ya kuona aibu, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa wivu mwingine, mkali kuliko yote: nilimwonea wivu kwa namna alivyobeba kosa langu. Mimi nisingeweza. Aibu ilikuja baadaye, nikiwa ngazini.

Alinifuata ofisini kwangu, akafunga mlango, akaweka mezani hatua za mtahiniwa namba mia moja na saba.

"Kaka, uliiona lini?"

Ningeweza kudanganya. Sijui kwa nini sikudanganya.

"Jumanne."

Hakupandisha sauti.

"Basi tumeshapoteza siku tatu. Lete kiti."

Tulikwenda kumwona yule msichana shuleni kwake. Mwalimu wa zamu alimtoa darasani, akaja ana chaki kwenye nywele, akidhani ameshtakiwa. Bi Matone alimuuliza kwa nini anapima mara tatu.

"Ya kwanza siiamini," akasema. "Ya pili naitumia kuiangalia ya kwanza. Ya tatu zikilingana ndiyo naandika."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilisomaga namba vibaya siku moja nikachekwa."

Niliandika maneno yale kwenye daftari. Mimi, mwenye shahada kwenye fremu, nilikuwa nimetumia kurasa kumi na mbili na mwongozo mzima, na sikuwa nimesema kitu kizuri kama hicho. Sheria ya marudio tukaiandika upya kutokana na sentensi zake tatu: anayerudia na kulinganisha apewe alama, anayebonyeza ovyo bila kuandika kitu asipewe.

Kisha Bi Matone akaniambia nami nifanye mtihani. Nilicheka. Hakucheka. Akanipangia vikombe vya kweli kwenye chumba cha vifaa, fundi wa programu akashika karatasi ya kusahihisha. Nilimimina kwa mbwembwe, nikatumbukiza kipimajoto, nikasoma upesi kwa kuwa nilijua jibu. Nilipata kumi na moja kati ya ishirini. Nilikuwa nimesoma kabla hakijatulia, na maji kwenye kikombe cha tatu yalikuwa pungufu. Mtunzi wa mtihani wa vitendo kwa miaka kumi na minane! Binti yule alijikaza asicheke mpaka machozi yakamtoka. Karatasi ile Bi Matone aliibandika ukutani kwa gundi, na haikubanduka mpaka chumba kilipopakwa rangi.

Kwenye jaribio la pili, mashine na wasahihishaji walikaribia sana kukubaliana. Hawakukubaliana kwa wote, na Bi Matone alishikilia hilo liandikwe ukurasa wa kwanza wa ripoti. Wapo watoto, aliandika, wenye mikono mizuri waliopotea kwenye skrini kwa sababu ile ilikuwa siku yao ya kwanza kushika kipanya. Hao wapewe siku ya mazoezi kabla ya mtihani, na shule zisiache kununua vikombe kwa sababu zimepata kompyuta. Nilimwambia anajipunguzia sifa. Akasema sifa hazisahihishi mtihani. Bodi ilipitisha.

Mwaka wa kwanza watahiniwa elfu kumi na nne walikaa mbele ya vikombe vile vya skrini. Leo kuna kazi tisa: balbu na nyaya, mbegu zinazoota, mawe ya kupima uzito majini, na nyinginezo. Nchi jirani mbili zimetuma watu kuja kujifunza. Kwenye picha ya pamoja Bi Matone yuko katikati, na mimi niko pembeni, sikio moja na nusu ya shavu. Nimeipima kwa rula. Kwenye ripoti jina langu liko la pili. Aliliweka yeye, nami sikushukuru kwa kuwa nilikuwa nalitazama la kwanza. Na karatasi yangu ya mtihani mbadala ilistaafishwa kabla ya yeye kustaafu. Hakuna aliyeiandikia wasifu.

Wiki iliyopita alinikabidhi funguo. Ndiyo, mimi ndiye nitakayekalia kiti chake kwa miaka miwili iliyonibakia, na ni yeye aliyenipendekeza. Tulikuwa tunahesabu makabati, nikashindwa kuvumilia.

"Dada, mbona hukuwaambia bodi? Miaka yote hii."

Akaendelea kuweka lebo kwenye kabati.

"Kwani hukuona nilivyokasirika?"

"Hapana."

"Mwaka mzima sikunywa chai na wewe, kaka!"

"Nilidhani una kazi nyingi."

Aliacha lebo, akashika mlango kwa kicheko. Kisha akajifuta macho, akasema bila utani: "Nilitaka kuwaambia. Niliandika hadi barua. Lakini ningekusema wewe, mwongozo ningeuandika na nani? Mimi najua mikono. Maneno unayajua wewe. Wivu wako nilikuwa nauona tangu bureti. Ulikuwa unapiga makofi kwa vidole viwili. Ila hakuna aliyekuwa akiitazama kazi yangu kwa makini kama wewe."

Nikahesabu kabati lililofuata.

Bodi, mkurugenzi na wenzangu wote mnaosoma ukurasa huu, ule ukurasa wa saba niliuandika mimi, na kosa lile nililiona Jumanne. Mmempongeza kwa mengi ila kwa hili hamkujua. Wa kunichukulia hatua, mnajua nilipo. Kuanzia Jumatatu nitakuwa mwisho wa koridoni.

Idara nzima inakushukuru, Bi Matone, kwa aproni zako zenye matundu ya asidi, kwa walimu uliowapokelea simu, kwa watoto walioonekana kwa sababu uliamua waonekane. Shemeji, tunakurudishia mkeo akiwa mzima; mwache apumzike kabla hajaanza kupima joto la pasi yako. Tunakuombea afya, siku ndefu na asubuhi tulivu.

Na kwa sauti yangu mwenyewe, dada yangu: kile kiti sikitamani tena. Samahani kwa zile siku tatu. Nenda salama.